Je, Kuna Damu Ambayo VVU Haviiwezi? Baraza la Ngao

Mume ana virusi, mke hana, na wameishi pamoja miaka mingi. Watoto wawili wa mama mmoja wamezaliwa na virusi. Mmoja amefariki kabla ya kutimiza mwaka, mwenzake yuko sekondari. Mtu aliyepimwa akakutwa navyo zamani, wakati dawa hazijafika vijijini, leo bado analima shamba lake. Visa vya namna hii vinasimuliwa Kenya nzima, na jibu la haraka huwa ni moja: ni damu. Kuna koo zenye damu ngumu.

Swali hilo ni la sayansi kabisa, tena sehemu kubwa ya jibu lake ilitoka kwenye mishipa ya wanawake wa Kenya. Nimelipeleka Ngao, kwenye delta ya Mto Tana, kijiji chenye hospitali, shule, na kanisa ambalo mizizi yake ni wamisionari wa Neukirchen waliofika kutoka Ujerumani mwaka 1887. Wasemaji wanne wa baraza hili (mzee, mwalimu, sista muuguzi wa kliniki na mama mmoja) nimewatunga mimi, kwa sababu hoja zao zinastahili kusikika bila ya mtu yeyote wa kweli kunyooshewa kidole. Tafiti, miaka na majina wanayoyataja si ya kutunga.

MZEE: Nianze mimi, maana nina mvi kuliko nyote. Sikusoma biolojia, lakini nimezika. Nimeona nyumba ambayo malaria iliwapitia watoto wote, ikarudi, ikawapitia tena, na hakuna aliyekufa. Nyumba ya pili yake, mbu ni walewale, maji ni yaleyale ya mto, wanazika kila baada ya mafuriko. Hilo wazee walilijua kabla ya hospitali. Sasa nikiambiwa malaria inachagua damu lakini VVU havichagui, nashindwa kukubali. Na kuna jambo la pili. Tangu ugonjwa huu ujulikane nchini mwaka 1984, tumesikia ukifagia kule ziwani. Hapa Tana umetugusa, haukutufagia. Mwalimu, kama si damu, ni nini?

MWALIMU: Mzee, sehemu ya kwanza ya maneno yako naifundisha darasani. Alikuwapo daktari aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia hapa Kenya. Mwaka 1949 alizunguka nchi akipima damu. Aliona kwamba kwa watu wanaoishi karibu na Pwani na karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya mmoja kati ya watano wanabeba jeni ya selimundu, na kwa watu wa nyanda za juu hafiki hata mmoja kati ya mia. Mwaka 1954 akaeleza sababu. Aliyerithi nakala moja ya jeni hiyo analindwa na malaria kali. Aliyerithi mbili anaugua selimundu. Miaka mingi baadaye, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pale Kilifi walifuatilia watoto wakakuta nakala moja inapunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kwa hiyo ndiyo, maradhi huchagua damu.

Lakini malaria imekaa nasi maelfu ya miaka. Imeua watoto kabla hawajazaa, kizazi baada ya kizazi, mpaka jeni inayolinda ikasambaa. VVU vilitoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun vikaingia kwa binadamu mapema katika karne ya 20. Hivyo ni vizazi vichache mno. Hakuna ukoo duniani uliopata muda wa kujijengea kinga maalumu dhidi yavyo. Wanaovihimili walikuwa na jeni hizo tangu zamani kwa sababu nyingine, na zimetawanyika huku na huku. Ndugu wawili wa baba na mama mmoja, mmoja anaweza kuwa nayo na mwenzake asiwe nayo.

SISTA: Na la ziwani nilijibu mimi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 4.9 ya Wakenya wa miaka 15 hadi 64 wana VVU. Homa Bay ilikuwa 19.6. Kaunti yetu ya Tana River iko chini ya wastani wa nchi. Mzee anaona tofauti hiyo anasema ni damu. Mimi naona tohara. Mpokomo anatahiriwa, Morma anatahiriwa, Mwardei anatahiriwa. Waluo hawakuwa na desturi hiyo. Kuanzia mwaka 2002, vijana 2,784 wa Kisumu walishirikishwa katika utafiti: nusu wakatahiriwa mara moja, nusu wakasubiri. Desemba 2006 utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati kwa sababu matokeo yalikuwa wazi mno; waliotahiriwa waliambukizwa kwa kiasi cha nusu hivi ya wenzao. Ongeza hapo barabara kuu, bandari za samaki, wajane kurithiwa, umbali wa hospitali. Damu ya Mluo haikuwa na kosa lolote.

MZEE: Basi la pili nalirudisha. La kwanza bado ninalo.

Ninaona alifanya vyema kulirudisha, na natamani wengi wangelirudisha pamoja naye. Kulinganisha wilaya na wilaya, kabila na kabila, kisha kuita tofauti hiyo urithi, ndiko kunakompa kijana wa Garsen au Minjila moyo wa kusema haya ni maradhi ya wengine. Kijana huyo akiambukizwa atachelewa kupimwa, kwa sababu ameshaambiwa kwamba ana damu nzuri.

MWALIMU: La kwanza ulibaki nalo kwa haki, mzee. Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwamba baadhi ya watu wana upungufu kwenye jeni iitwayo CCR5. Jeni hiyo hutengeneza protini iliyo juu ya chembe nyeupe za damu, na VVU vinaishikilia protini hiyo ili viingie ndani. Kwa watu hao, herufi 32 za jeni zimekatika. Aliyerithi mkato huo kutoka kwa baba na mama hana protini hiyo kabisa, na aina ya kawaida ya VVU haimpati. Mmarekani Timothy Ray Brown, aliyekuwa anaishi Berlin, alikuwa na VVU na saratani ya damu. Mwaka 2007 alipandikizwa uboho wa mtu mwenye mkato huo, akapona VVU. Aliishi hadi 2020, akafa kwa saratani ile iliyorudi.

MZEE: Na sisi tunao mkato huo?

MWALIMU: Hatunao. Unapatikana zaidi Ulaya ya kaskazini, na hata huko wenye nakala mbili ni kama mmoja kwa mia. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara ni kana kwamba haupo.

MAMA: Mwalimu, kila mara habari hii inasimuliwa kuanzia Berlin. Anzia Majengo.

Mama huyu anaishi na VVU na ni mshauri rika kwenye kliniki. Amekaa na wagonjwa wapya wengi mno kiasi kwamba hotuba ndefu hazimvutii. Alichokisema ni cha haki. Mwaka 1985, katika mtaa wa Majengo huko Pumwani, Nairobi, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, miongoni mwao Elizabeth Ngugi na Frank Plummer, walianza kufuatilia afya ya wanawake wanaouza ngono. Wengi walikuwa tayari wameambukizwa, na waliobaki waliendelea kuambukizwa mmoja baada ya mwingine. Lakini kadiri miaka ilivyopita palionekana kikundi kidogo, asilimia 5 hadi 10 hivi, ambacho hakikuambukizwa. Kazi ilikuwa ileile, mtaa uleule, wateja walewale. Mwaka 1996 jarida la Lancet likachapisha habari zao, dunia ikashangaa.

MAMA: Wanawake hao waliitwa kila jina mitaani. Ndio waliofundisha ulimwengu kwamba mwili wa binadamu unaweza kuvikataa virusi hivi. Endelea sasa.

MWALIMU: Ahsante, Mama. Jambo la kwanza lililowatatiza watafiti ni kwamba chembe zao zilipochukuliwa na kuwekewa virusi kwenye maabara, ziliambukizwa kama za mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo hawakuwa na mkato wa CCR5. Siri ilikuwa kwenye namna kinga yao inavyofanya kazi. Wengi wao walionekana kuwa na aina fulani za jeni za HLA kuliko wale walioambukizwa. Baadaye, mwaka 2007, ikaonekana tofauti kwenye jeni nyingine, IRF1, inayosaidia kuamua kinga iamke kwa nguvu kiasi gani. Na hapo pana ajabu. Chembe za kinga za wanawake hao zilikuwa zimetulia kuliko za kawaida. VVU hupenda kuzaliana ndani ya chembe iliyoamshwa. Vikikuta zimetulia, vinakosa pa kushika. Mtu angedhani kinga kali ndiyo kinga bora. Majengo ilionyesha kwamba mahali pengine utulivu ndio unaolinda.

SISTA: Na kutokana na hilo, Nairobi ilifanyika majaribio ya kuwapa wanawake aspirini ya kiwango kidogo, na mwaka 2018 ikaripotiwa kwamba chembe ambazo VVU huzilenga zilipungua kwenye njia ya uzazi. Nasema kabla mtu hajakimbilia duka la dawa: haijathibitishwa kwamba aspirini inazuia maambukizi. Asinywe mtu akadhani amejikinga.

MAMA: Mwalimu, umeruka jambo moja. Nini kiliwapata baadhi ya wale wanawake waliokuwa hawaambukizwi?

MWALIMU: Baadhi waliambukizwa. Waliishi miaka mingi bila virusi, kisha wakapatikana navyo. Watafiti walipoangalia nyuma, mwaka 2001, wakakuta kwamba wengi wa hao walikuwa wamepunguza kazi au wamepumzika kwa muda, kisha wakarudi. Inaonekana sehemu ya kinga yao ilikuwa ikichochewa na kule kukutana na virusi mara kwa mara, na ilipokosa kuchochewa ikafifia. Jeni zao zilikuwa zilezile walizozaliwa nazo.

Mzee akanyamaza kidogo hapo. Mimi nadhani huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika mjadala mzima, na unastahili kutangazwa zaidi ya habari ya Berlin. Watu waliochunguzwa kuliko wengine wote Afrika Mashariki kwa sababu ya kutoambukizwa, damu yao ikapimwa kwa vifaa bora vilivyokuwapo, na bado hakuna daktari aliyeweza kumwambia hata mmoja wao: wewe umesalimika, nenda kwa amani.

MZEE: Nimesikia. Lakini sijajibiwa kuhusu yule anayeambukizwa na asiugue. Huyo si wa Majengo. Ana virusi, amekaa navyo, na mwili haujaporomoka.

MWALIMU: Hapo ndipo urithi una nguvu kweli, mzee, kuliko kwenye kuambukizwa. Tuchukue hizo HLA. Kila chembe ya mwili wako ni kama nyumba inayotoa sinia mlangoni, na juu ya sinia inaweka vipande vya kila kinachopikwa ndani. Askari wa kinga anapita akitazama. Akiona kipande kigeni, anaiangamiza chembe hiyo na virusi vilivyomo. HLA ndizo hizo sinia. Kila mtu amerithi zake, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na zinatofautiana sana. Si kila sinia inaweza kubeba kila kipande.

Sasa, kuna aina iitwayo B57. Hiyo inabeba vipande kutoka kwenye ganda la ndani la VVU, sehemu ambayo virusi haviwezi kuibadilisha bila kujiumiza. Virusi hujaribu kukwepa kwa kubadilisha herufi hapo, na vikifaulu vinakuwa dhaifu, vinazaliana polepole. Kwa Waafrika, aina inayopatikana zaidi ni B57:03. Mwenye nayo, kwa wastani, ana virusi vichache na huchelewa kuugua. Kinyume chake, aina fulani za B35 huharakisha ugonjwa. Na huko Durban, Afrika Kusini, watafiti walikuta ndugu wawili, B58:01 na B58:02. Protini zao zinatofautiana kwa viungo vitatu tu, lakini ya kwanza inasaidia, ya pili inaambatana na virusi vingi. Mwaka 2010 kundi la kimataifa lililochunguza watu wanaovidhibiti VVU bila dawa lilihitimisha kwamba shabaha yote inaelekea kwenye kishimo cha protini hiyo, pale kipande kinapolala.

MZEE: Na wanaovidhibiti bila dawa ni wangapi?

MWALIMU: Wanaovidhibiti kabisa hawafiki mmoja kwa mia ya walioambukizwa. Na wapo wenye B57 wanaougua kama kawaida. Tafiti za watu wenye asili ya Ulaya zilikadiria kwamba urithi unaeleza kama robo ya tofauti ya wingi wa virusi kati ya mtu na mtu. Robo zinazobaki ni virusi vyenyewe, umri, maradhi mengine na mengi zaidi.

SISTA: Robo. Nataka mlishike hilo neno, nitalirudia.

MAMA: Mimi nataka kuuliza la watoto. Watu husema kuna koo zenye damu ngumu. Kuna upande wa pili wa maneno hayo, nao naujua mimi. Mtoto akizaliwa na virusi, mama akavishwa lawama: ukoo wenu una damu mbaya. Nimeona msichana akikataliwa kuolewa, mwenyewe hana virusi, kwa sababu mama yake alikuwa navyo. Sayansi hii mnayoisema inamsaidia yule anayekataa, au inamsaidia msichana?

MWALIMU: Mama, kuna utafiti uliofanyika Nairobi ukachapishwa mwaka 1998. Ulikuta kwamba mtoto aliyefanana sana na mama yake kwa HLA alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa. Maelezo yake ni kwamba virusi vilivyokaa mwilini mwa mama vimekwisha kujifunza kukwepa sinia zake. Vikihamia kwa mtoto mwenye sinia zilezile, vinajua njia. Vikimkuta aliyerithi zaidi za baba, vinaanza upya. Hakuna hapo damu mbaya. HLA ileile iliyomsaidia mama miaka kumi inaweza isimfae mwanawe, na yenye sifa mbaya kwa VVU inaweza kumlinda mtu na ugonjwa mwingine. Ndiyo maana binadamu wanazo aina nyingi hivyo.

SISTA: Na msichana huyo amwambie anayemkataa aje kliniki. Bila hatua yoyote, mama mwenye VVU anaweza kumwambukiza mtoto kwa kadiri ya asilimia 15 hadi 45, kuanzia mimba hadi kunyonyesha. Akipata dawa kwa wakati na akafuatwa vizuri, inashuka chini ya 5. Kufanana kwa HLA sikuwahi kukupima hata mara moja. Mama anakunywa dawa, mtoto anapewa syrupu yake, tunampima, anakuwa salama. Wenye HLA nzuri na wenye HLA mbaya, karibu wote wanatoka mlangoni na mtoto asiye na virusi.

Mazungumzo yakaelekea kwenye rangi, na ninafupisha kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa la kupita. Mwaka 2008 watafiti walitangaza kwamba jeni ya Duffy, ambayo Waafrika wengi hawana umbo lake la kawaida kwenye chembe nyekundu kwa sababu kulikosa kunawakinga na aina moja ya malaria, inawaongezea uwezekano wa kupata VVU kwa asilimia 40. Magazeti yalishangilia: Afrika imepata jawabu la msiba wake. Wengine walipojaribu kulithibitisha kwa watu wengine, hawakulipata. Mwalimu alitaka kueleza kwa nini. Mama akasema watoto wa Afrika wameshabebeshwa vya kutosha. Nami sina la kuongeza juu ya neno lake.

MZEE: Niulize la tumbili. Wanakula mahindi yetu na maembe yetu. Mjukuu wangu ananiambia tumbili naye ana virusi kama hivi.

MWALIMU: Ni kweli, ana vyake, vya jamaa moja na hivi vyetu, na tumbili wengi wa Kenya wanavibeba. Hawaugui. Hivi vya kwao si vilivyotuletea Ukimwi. Wanasayansi wanapowachunguza wanakuta kwamba kinga ya tumbili inaamka siku za mwanzo, kisha inajituliza upesi. Wa Majengo na tumbili, kila mmoja kwa njia yake, wanatuonyesha jambo moja. Lakini tumbili walikaa na virusi vyao muda mrefu kuliko tunavyoweza kuhesabu, na kabla ya kufika hapo huenda wengi walikufa. Binadamu hatutaki kufika huko kwa njia hiyo.

SISTA: Sasa nairudia robo yangu: urithi unaeleza robo, sasa tazameni dawa. Mwaka 2011 utafiti uliofanyika nchi tisa, Kisumu ikiwamo, ulikuta kwamba mwenye VVU akianza dawa mapema, hatari ya kumwambukiza mwenzake inapungua kwa asilimia 96. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono kabisa. Husimuliwa habari za mume mwenye virusi na mke asiye navyo. Hao tunao wengi. Mara nyingi hakuna siri ya damu. Tendo moja haliambukizi kila mara, mume ametahiriwa, au virusi vyake ni vichache, au anakunywa dawa na hajamwambia mtu. Na kwa yule asiye navyo tunayo PrEP, kidonge cha kujikinga. Kilijaribiwa kwa wenza kama hao Kenya na Uganda, kikapunguza maambukizi kwa asilimia 75, na tangu 2017 kinatolewa nchini. Nionyesheni jeni ya kurithi inayowafikia wote wanaopita mlangoni kwangu kama vidonge hivi.

MWALIMU: Sista, hoja yako ni nzito, lakini usiifungie sayansi mlango. Dawa yenyewe ina uhusiano na urithi. Dawa ya VVU iitwayo abacavir inaweza kumletea aliyerithi B57:01 mzio wa kufisha. Nchi nyingi hupima jeni hiyo kwanza. Tulijua hilo kwa kuwa watu walichunguzwa. Na mkato wa CCR5 ndio uliowapa watu wazo la kutengeneza maraviroc, dawa iliyoidhinishwa mwaka 2007. Ukisema jeni hazina kazi, unaua dawa ya kesho.

SISTA: Sikusema hazina kazi. Nimesema mgonjwa wangu hawezi kuzisubiri. Mto ukifurika na barabara ikikatika, mtu wa Wema au Hewani anakosa vidonge, virusi vinapanda. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, na wagonjwa wakaanza kuuliza kama dawa zitaisha. Hakuna aliyeniuliza HLA yake ni ipi.

MAMA: Wote wawili mnasema kweli, na mnaniacha mimi katikati. Nikiombwa damu kwa utafiti, nitatoa. Lakini nitauliza kwanza. Wale wa Majengo walitoa damu kuanzia 1985. Mawazo yaliyotoka kwenye damu yao yalichangia chanjo iliyojaribiwa Nairobi mwaka 2001, na kabla hata ya majaribio hayo kuanza palikuwa na mzozo wa hataza kati ya watafiti wa Nairobi na wa Oxford juu ya nani ni mwenye haki. Ukasuluhishwa. Chanjo haikufaulu, na hilo silihesabu kuwa kosa, watu walijaribu. Ninachouliza ni kwamba mzozo ulikuwa kati ya vyuo viwili. Mwanamke wa Majengo alikaa upande gani wa meza?

MWALIMU: Hakukaa mezani.

MAMA: Basi wa Tana wakae.

Hili la Mama ndilo ninaloliamini kuliko yote yaliyosemwa. Sayansi ya urithi imeegemea mno damu ya watu wa asili ya Ulaya. Ushahidi ulitoka mwaka 2023, pale jarida la Nature lilipochapisha uchunguzi wa karibu watu 4,000 wenye VVU na wenye asili ya Afrika. Walikuta tofauti karibu na jeni iitwayo CHD1L, ambayo inaambatana na virusi vichache. Tofauti hiyo haionekani kwa watu wa Ulaya, na inakadiriwa kubebwa na kati ya asilimia 4 na 13 ya wenye asili ya Afrika. Miaka yote hiyo ilikuwapo ndani ya miili yetu, haikuonekana kwa sababu hakuna aliyetazama. Inawezekana ziko nyingine kwa Wapokomo, Waorma, Wamijikenda, watu ambao hawajawahi kuhesabiwa kwenye tafiti hizo kwa idadi ya maana. Kilifi ina maabara, Mtwapa ina kliniki ya KEMRI ambayo tangu 2005 imewafuatilia watu walio hatarini kuambukizwa. Tana haiko mbali.

Lakini matokeo ya utafiti wa aina hiyo yasitangazwe kwa majina ya makabila bila ya uangalifu. Ikija kusemwa kwamba Wapokomo wana jeni ya kuhimili, wako watakaoacha dawa. Ikisemwa kwamba hawana, wako watakaokataliwa ndoa. Wanaochunguza waje kwanza kwa wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, kwa Waorma na wazee wao, kwa wanawake walio kwenye kliniki, waeleze jeni inapima nini na haipimi nini, wakubaliane juu ya faida kabla ya sindano. Kamati za maadili za Kenya zina uwezo wa kudai hivyo.

MZEE: Nilikuja na maneno kwamba kuna damu ngumu. Naona ipo, kwa wachache, na hakuna ajuaye kama ni yake. Siwezi kuwaambia wajukuu waitegemee. Lakini msiniambie wazee wa zamani hawakuona kitu.

MWALIMU: Waliona, mzee. Walikuwa wanaona selimundu kabla ya Allison.

SISTA: Basi mzee, wajukuu wako waje wote. Na wewe pia.

MZEE: Na mimi?

SISTA: Na wewe. Ulisema mwenyewe hakuna ajuaye.

Ewe msomaji wa Garsen, Hola, Kipini au popote ulipo: kupima VVU katika hospitali za umma za Kenya, Ngao ikiwamo, ni bure, na jibu hutoka chini ya nusu saa.